Gari Lako Limetufikisha Salala

S.L.P. 214,
Nizwa, Omani.
21 Agosti 2024.

Mpendwa Shangazi Asila,

Assalamu alaykum. Kabla ya yote nataka kujua mnaendeleaje huko Kuala Lumpur. Lamis ameshaota meno ya mbele? Kile kikohozi cha Ami Zahir kimemwacha? Mama alimwambia Bibi kwamba huko kwenu mvua hunyesha kila alasiri na nguo hazikauki, na tangu hapo Bibi ana wasiwasi kwamba mwanawe anavaa nguo mbichi. Nimemwahidi nitakuuliza. Shangazi, unavaa nguo kavu?

Sisi huku tu wazima. Goti la Bibi lina siku zake, ila halijamzuia kusimamia ukataji wa tende kutoka kwenye kiti chake na kugombana na kila aliyepanda mtende. Joto bado halijatuhurumia. Mama na Baba hawajambo. Kaka Hatim hajambo pia, ukimsikiliza anavyocheka.

Katika ujumbe wako wa sauti uliniomba nikuandikie lilivyosafiri gari ulilotuachia. Ulisema Baba atakujibu neno moja, "zuri", na Hatim atakudanganya, kwa hiyo niandike mimi. Nimefurahi kwamba umetaka niandike wala hukutaka nikupigie simu. Unanijua. Kwenye simu namaliza salamu, kisha nabaki kusikiliza pumzi zangu.

Gari lenyewe ni zima. Lipo uani, limeoshwa. Hatim analiita Bi Harusi, kwa weupe wake, na kwa sababu siku ile ya kutukabidhi funguo ulilia kama mtu anayeoza binti.

Lakini siwezi kukueleza habari za gari bila kukueleza kwa nini tulisafiri nalo, maana safari hii haikuwa ya matembezi tu. Matokeo yangu yalipotoka nilipata nafasi ya chuo, somo la tafsiri, ila chuo chenyewe kiko Salala. Hatim alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu hasemi hata lugha moja," alisema, "atafanya nini na mbili?" Bibi hakucheka. Alisema hakuna msichana wa nyumba hii aliyewahi kulala mbali na mama yake kabla ya kuolewa, na kwamba Salala ni mwisho wa dunia. Mama alinyamaza. Nami nilinyamaza, kama kawaida yangu, ingawa nilikuwa nimekitaka chuo kile tangu darasa la kumi.

Baba alifikiri siku kadhaa. Kisha akatoa uamuzi wake wakati wa kahawa ya asubuhi, mbele yetu sote. "Mwanangu hatakaa mahali nisipoweza kumfikia kwa gari langu mwenyewe siku akiugua. Ndege hujaa, ndege huahirishwa. Basi tutakwenda sote kwa gari. Likitufikisha bila kutusumbua, atasoma. Likitusumbua, atangoja nafasi nyingine, ya karibu."

Bibi alikubali upesi sana, Shangazi. Nadhani hakuna aliyekuwa na matumaini na gari lako kuliko yeye, ila yake yalikuwa matumaini ya upande wa pili.

Tuliondoka siku moja kabla ya siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi. Baba alisema hatathibitisha chochote kabla hajakiona chuo kwa macho yake.

Sasa nikueleze. Buti linameza kila kitu. Tulipakia mikeka, jiko, majungu, boksi la barafu, tende, halua, birika za kahawa na begi la Bibi ambalo hakuna anayejua lina nini, na bado Hatim aliweza kuona nyuma kwenye kioo. Ila gari ni la juu mno kwa Bibi. Tulichukua kistuli cha jikoni, na kila tuliposimama Hatim alishuka nacho mbio kama mhudumu wa hoteli. Bibi akishakaa lakini, hataki tena kushuka. Anasema kiti kile kinamshika kiuno vizuri kuliko godoro lake.

Mimi nilikaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mizigo. Samahani kusema, lakini kiyoyozi huko nyuma kinapuliza kama mtu anayeona haya. Mama mbele alikuwa amejitanda shali, na mimi nilikuwa nikijipepea kwa kifuniko cha boksi la tende. Na vile vishimo vya kuwekea vikombe vimetengenezewa watu wanaokunywa ndoo nzima. Vikombe vyetu vya kahawa vinazama humo. Kimoja bado kimo, hata Hatim ameshindwa kukitoa.

Bibi alifanya urafiki na yule mwanamke anayesema ndani ya ramani ya simu. Kila alipotuambia tugeuke kulia mbele, Bibi alimjibu, "Inshallah, mwanangu." Baadaye akauliza, "Huyu tangu asubuhi anasema tu. Hamumpi hata maji?"

Halafu ile kengele inayolia gari likizidisha mwendo. Baba akisahau, inalia. Hatim akasema, "Baba, Bi Harusi analia, umemfanya nini?" Baba, bila kugeuka, akajibu, "Mwambie avumilie, ndiyo ndoa." Mama akamtazama. Kengele haikulia tena mpaka tulipoupita mji wa Adam.

Baada ya Adam ndipo nilipolipenda gari lako kwa moyo wote. Jangwa limelala pande zote mbili na barabara imenyooka kama imepigwa rula. Gari letu dogo la zamani lilikuwa likipitwa na lori, linayumba, na Mama anashika mlango. Hili halijali lori. Linashika njia yake, kimya, na ndani unaweza kumsikia Bibi akisinzia. Nilitazama dirishani nikajiona nimeshafika chuoni, nina kitanda changu na kamusi zangu.

Tulikuwa hatujafika mji wa Haima, Hatim akiwa kwenye usukani, nilipomsikia akisema polepole, "Baba, mshale wa joto unapanda." Baba akamwambia azime kiyoyozi na afungue madirisha. Upepo ulioingia ulikuwa kama wa mlango wa tanuri. Bibi akaamka. "Tumefika?" Kisha moshi mweupe ukaanza kutoka chini ya boneti, na Hatim akaliteremsha gari kando ya barabara, karibu na nyumba moja ya Mabedui yenye zizi la ngamia na hema kubwa mbele yake.

Bibi aliitazama boneti, akanitazama mimi. Akaomba kistuli chake. Afadhali angenigombeza.

Kabla Hatim hajafungua boneti alikuja mzee mmoja, kanzu yake imefifia kwa jua, fimbo mkononi. Jina lake Mzee Bakhiti. Hakuuliza gari lina nini. Alimshika Baba mkono akaanza kumvuta. "Karibuni kahawa. Wanawake wapite ndani kwa mama wa nyumba." Baba akasema asante, tunapumzisha gari kidogo tu. Mzee akasema gari lipumzike na watu wapumzike. Basi tukaenda.

Wanaume walikaa hemani. Bibi, Mama na mimi tuliingia chumba cha nyuma, ambacho kinatenganishwa na hema kwa ukuta wa mbao nyembamba tu, kwa hiyo kila neno la upande ule lilitufikia. Mke wa mzee, Bi Tufuli, alitupokea. Ni mwanamke mrefu, amevaa barakoa ya Kibedui usoni, na macho yake yanacheka kabla ya sauti yake. Alitupa tende, akatumiminia kahawa.

Shangazi, hujasahau ada ya kuulizana habari. Baba, unavyomjua, ada hii ameishika kuliko sala za sunna. Vikombe viliporudishwa, tulimsikia Mzee Bakhiti akijiweka sawa na kuuliza kwa sauti ile ya heshima, "Haya, mna habari gani?"

"Hatuna habari ila za heri," Baba akajibu.

"Hamkusikia neno huko mtokako?"

"Hatukusikia wala hatukuona ila heri."

"Na safari?"

"Safari njema, alhamdulillahi. Gari linapumzika."

"Alhamdulillahi," akasema mzee. Na kwa kuwa tulikuwa watu wasio na habari wala haraka, akamwita mwanawe, Musallam, achinje mbuzi.

Hapo palizuka vita. "Haki ya Mungu, hutachinja!" Baba akasema. "Haki ya Mungu, nitachinja!" akasema mzee. "Sisi ni wapita njia!" "Na mbuzi naye ni mpita njia!" Bi Tufuli upande wetu alitingisha kichwa, akamwambia Bibi, "Mumeo alikuwa hivi?" Bibi akasema, "Marehemu wangu aliwahi kumchinjia mkusanya kodi."

Wakati huo Hatim aliniita mlangoni kwa kisingizio cha kuchukua birika. Mikono yake ilikuwa myeusi. "Mpira wa juu wa rejeta umepasuka," akaninong'oneza. "Si joto tu. Maji yote yamemwagika. Tunahitaji mpira mwingine, na mpira uko Haima. Yule Musallam akimaliza na mbuzi anaondoka na pikapu kwenda Haima, halafu anapitiliza kwa mkwewe, harudi mpaka kesho."

"Mwambie Baba."

"Nimemkonyeza mpaka jicho linauma. Anafikiri nimeingiwa na mchanga."

"Basi mwambie kwa mdomo."

"Niseme nini mbele ya mzee? Habari zimeshaulizwa, Baba amesema heri. Nikisema gari limekufa, si nimemfanya mwongo kwenye kikao cha watu?"

Alichukua birika akaenda. Nikarudi kukaa. Kesho yake, saa sita mchana, nafasi yangu ilikuwa inafungwa.

Wanaume walipomaliza habari zao, zamu ikawa yetu. Bi Tufuli alimgeukia Bibi, kwa kuwa ndiye mkubwa. "Mama, mna habari gani?" Bibi akasema hakuna ila heri. Akamgeukia Mama. Mama akasema hakuna ila heri. Kisha, Shangazi, kwa ukarimu tu, ili nisijione nimesahauliwa, akanigeukia mimi. "Na wewe, binti yangu mzuri, huna habari?"

Upande wa pili nilisikia pikapu ikiwashwa.

Sijui nikuelezeje. Ulimi wangu ulijua jibu, hata mtoto mdogo analijua. Lakini nilisema, "Kuna habari."

Kikombe cha Mama kilisimama hewani. Bibi aliacha kutafuna. Nadhani hata hema lilinyamaza, maana sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyoipanga. Mtu asiyezoea kusema hajui kupima. Na nilipoanza sikuweza kukatika. Nilisema mpira wa rejeta umepasuka na gari halina maji hata tone. Nilisema kaka yangu anajua ila anaona haya, na baba yangu hajui, na hata angejua angeona haya zaidi. Nilisema kijana wenu anaondoka sasa hivi na pikapu, na tusipofika Salala leo, kesho sitapata chuo. Halafu nikaanza kulia, jambo ambalo halikuwa sehemu ya habari.

Bi Tufuli alinitazama. Kisha akacheka, cheko lililompandisha mabega, akainuka akafungua mlango akapiga ukelele ambao ngamia wote waligeuka. "Musallam! We Musallam! Zima hiyo gari! Wageni wana habari!"

Pikapu ikazimwa. Nikamsikia Mzee Bakhiti akimuuliza Baba taratibu sana, "Ndugu yangu, kumbe mnayo?" Baba akakohoa kidogo. Kisha akasema, "Ndogo tu."

Hatim alikwenda Haima na Musallam, wakiwa wameukata mpira uliopasuka na kuubeba uwe kipimo. Sisi tulikula mbuzi. Ilikuwa nyama laini, wali wake una harufu ya moshi, lakini mimi sikuonja ladha yoyote. Mama aliniegemea sikioni akaniambia, "Umemvunjia baba yako heshima mbele ya watu." Bibi alikuwa akijitafutia mfupa, hakuinua kichwa. "Ameulizwa," akasema, "akajibu." Nilishangaa, maana Bibi ndiye aliyekuwa na faida kubwa kama ningenyamaza.

Walirudi na mpira, wakaufunga, wakajaza maji kutoka kwenye tangi la nyumba. Bi Tufuli alinishika uso kwa mikono miwili akaniombea dua ndefu ambayo nusu yake sikuielewa kwa lafudhi yake. Hatim alipoweka kistuli cha Bibi aliniambia, "Bubu wetu! Miaka yote umekaa kimya, umekuja kufungua mdomo kwenye nyumba ya watu." Ila alinipa chupa yake ya maji baridi, nami najua hiyo kwa Hatim ni nini.

Baba alichukua usukani. Hakunitazama kwenye kioo, na hakuna aliyemtania tena. Mwanamke wa ramani peke yake ndiye aliyesema. Nilikaa nyuma nikijua mambo mawili: gari limetusumbua, na mimi nimemwaibisha Baba. Kwa lolote kati ya hayo ningeweza kukosa chuo, na nilikuwa nayo yote mawili.

Haki ni haki, lazima niseme kwamba tangu hapo gari lako halikutaka tena chochote kwetu. Mshale wa joto ulikaa katikati, ukatulia. Tulipita Thumrait jua likianza kulegea, kisha milima ikaanza, na ghafla tukaingia kwenye ukungu. Unakumbuka pale? Nyuma yako ni vumbi na jua, na mbele ni majani mabichi na rasharasha za msimu, kama mtu amefungua mlango wa nyumba nyingine. Baba aliwasha taa za ukungu, akaweka gia ndogo, na gari likateremka lenyewe bila kukanyagiwa breki, zito na tulivu, huku magari mengine yakiwaka taa nyekundu kila kona. Bibi alifungua dirisha akatoa mkono wake nje. Aliurudisha umelowa, akajipangusa nao uso. "Subhanallah," akasema, na hakusema tena Salala ni mwisho wa dunia. Tulifika kabla ya magharibi.

Asubuhi tulikwenda chuoni. Mvua ilikuwa ile nyembamba isiyolowesha mpaka ujikute umelowa. Msimamizi wa bweni la wasichana aliniruhusu mimi na Mama tuingie, Baba akabaki langoni. Tulipotoka kanzu yake ilikuwa imemganda mabegani, na kwanza hakuniuliza mimi, alimuuliza Mama.

"Maji ya moto yapo?"

"Yapo."

"Madirisha yanafungika?"

"Yanafungika. Kitanda chake kiko mbali na mlango."

"Wanakula nini?"

"Wali, samaki. Nimeonja. Chumvi imezidi."

Baba akatoa simu mfukoni akaanza kutafuta mahali pa kuthibitisha, akiikinga kwa kilemba chake. Bibi alikuwa garini, mlango wazi. "Muhanna," akamwita, "gari lilisumbua. Ulisema mwenyewe, likisumbua asisome."

Baba akaenda akasimama kwenye mlango wake. Nilikuwa nyuma yake, nilisikia kila kitu, na naandika kama alivyosema.

"Mama, mimi gari sikuwa naliogopa. Kila gari lina siku yake. Niliyekuwa namwogopa ni huyu. Nyumbani akiwa na homa tunajua kwa kuona sahani yake imejaa. Nikajisemea, huku nitampigia simu, nitamuuliza habari, ataniambia nzuri, na mimi nitaridhika, kwa sababu hata mimi ndivyo ninavyojibu. Anaweza kufa na neno 'nzuri' mdomoni. Jana nimemsikia kupitia ukuta. Niliona haya, ndiyo, niliona haya mpaka leo asubuhi. Lakini nililala usingizi."

Bibi alimtazama, kisha akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama mvuani sijui mikono yangu niiweke wapi.

"Basi thibitisha, unangoja nini," akasema. "Mvua inaniingilia."

Ndivyo ilivyokuwa, Shangazi. Juu ya gari, ukitaka maoni yetu kwa jumla: Baba anasema injini ni ya kuaminika na mipira yote ya rejeta ibadilishwe kabla ya safari nyingine, maana imezeeka kwa joto la hapa na si kwa kosa la mtu. Mama anataka kiyoyozi cha nyuma kitazamwe na fundi. Hatim anasema halina kasoro ila kengele. Bibi hataki liuzwe. Anasema atakayeliuza amuuze na yeye juu ya kiti kile.

Maoni yangu ni haya. Wakati wa kwenda, barabara niliiona fupi, nilikuwa nikiisukuma kwa macho. Wakati wa kurudi nilikaa mahali palepale nyuma, nikaigeukia nikaiona inavyorefuka. Nilihesabu vituo vya mafuta kisha nikaacha kuhesabu. Mwanzoni mwa Septemba watanipeleka, watashusha begi langu, na gari litarudi njia hii yote bila mimi, na safu ya nyuma italazwa kwa sababu hakuna wa kuikalia. Nilichokitaka nimekipata, na tangu nikipate chakula hakipiti vizuri.

Sijamwambia mtu hapa nyumbani. Nakwambia wewe kwa sababu wewe ulikwenda mbali zaidi, tena pasipofikika kwa gari. Wiki za kwanza ulifanyaje? Ulikuwa ukilia wapi, ili Ami Zahir asikuone? Na ilikuwa siku ya ngapi ulipoamka ukakuta unawaza chai kabla ya kuwaza nyumbani? Nijibu kwa barua. Nitaibeba niende nayo.

Nisalimie sana Ami Zahir, na umbusu Lamis kwenye mashavu yote mawili, moja langu na moja la Hatim. Mama anakusalimu, anasema kitambaa ulichotuma amekishona na kimemkaa. Baba anakusalimu. Bibi yuko hapa pembeni yangu, anauliza kama nimeshaandika lile la nguo mbichi. Anakuombea dua kila alfajiri kwa jina lako na jina la mama aliyekuzaa, ambaye ni yeye mwenyewe.

Mwenyezi Mungu awafunike kwa afya na awape wepesi ugenini, na atukutanishe sote kwenye mkeka mmoja hatujapungua.

Mwanao akupendaye kwa moyo wote,

Wijdani bint Muhanna